Mnada wa Senti: Ngamia wa Jahiliya Aliyerudi kwa Njia ya Intaneti



Himdi zote anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote, na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma, leo tunataka kuzungumza nanyi kuhusu mnada, na historia ya namna ulivyogeuzwa kamari bila ya wengi kutambua. Tutaanza na tukio lililotufanya tuandike.

Kijana mmoja aliyewahi kusoma kwetu madrasa, hapa Lubaga, alitupigia simu akauliza: "Ustadh, mnada ni halali?" Tulikuwa njiani tena tuna haraka, tukamjibu kuwa ni halali na kwamba umepokewa katika Sunnah. Akashukuru, akakata simu. Baada ya wiki tatu alikuja mwenyewe baada ya swala ya 'Ishaa, kichwa amekiinamisha. Mama yake alikuwa amempa shilingi 340,000 azipeleke benki, ada ya shule ya mdogo wake. Yeye akaziingiza, kwa kadi ya rafiki yake, katika tovuti moja ya nje inayouza simu na kompyuta kwa mnada, kwa sababu alikuwa ameona humo simu ya zaidi ya shilingi milioni moja imeondoka kwa elfu arobaini na kitu. Simu hakuipata, na pesa hazikurudi. Kila alipobofya alilipa, na aliyeondoka na simu ni mtu mwingine asiyemjua.

Jibu letu lilikuwa sahihi. Kosa letu ni kuwa hatukumuuliza ni mnada gani. Makala haya basi ni deni letu kwake, na kwa kila mzazi ambaye mtoto wake anaweza kuuliza swali hilo hilo na kupewa jibu fupi kama letu.

MNADA TULIOUFUNDISHA

Hadithi tuliyokuwa nayo kichwani siku ile ni ile iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Maalik (Radhiya Allaahu 'anhu), nayo imo katika Sunan ya Abu Daawuud, na At-Tirmidhiy na wengine wameipokea kwa ufupi. Mtu mmoja katika Answaar alimjia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akiomba. Mtume akamuuliza kama ana kitu chochote nyumbani. Akasema ana nguo nzito wanayojifunika na kutandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavishika mkononi, akawauliza waliokuwepo ni nani atakayevinunua. Mmoja akasema atavichukua kwa dirhamu moja. Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, akarudia mara mbili au tatu. Mwengine akatoa dirhamu mbili, akapewa yeye. Dirhamu hizo akakabidhiwa Answaar yule: moja anunulie chakula cha watu wake, na ya pili anunulie shoka. Akatumwa akakate kuni na kuuza, na baada ya siku kumi na tano akarudi na dirhamu kumi.

Wapo wanazuoni waliodhoofisha isnadi ya hadithi hii, na wapo walioipa daraja ya hasan. Lakini uhalali wa kuuza kwa mwenye kuzidisha haukusimama juu yake peke yake. Imaam Al-Bukhaariy ameweka katika Swahiyh yake mlango maalumu wa biashara hiyo, na ndiyo kauli ya wanazuoni walio wengi.

Tunaomba msomaji atazame jambo moja katika kisa hiki, kwa sababu makala yote yamesimama juu yake. Yule Swahaba aliyetaja dirhamu moja na kuzidiwa, alilipa nini? Hakulipa chochote. Alitaja bei, mwenzake akazidisha, na yeye akarudi nyumbani na dirhamu yake ile ile.

Ndivyo ilivyo mpaka leo katika minada ya kweli ya watu wetu. Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, au Malindi kule Unguja, asubuhi vyombo vinapoingia kutoka baharini. Mnadi anainua samaki, wachuuzi wanapandishiana bei, na anayepata ndiye anayetoa pesa. Waliozidiwa wanageukia fungu jingine, na hakuna mfuko uliopungua.

NGAMIA WA JAHILIYA

Sasa turudi nyuma kabla ya Uislamu, tuitazame al-maysir ambayo Qur-aan imeiharamisha. Wengi wetu tukisikia kamari tunafikiri karata na dadu, lakini wafasiri na wanahistoria wa Kiarabu wametueleza kamari mashuhuri ya Waarabu ilivyochezwa.

Kulikuwa na mishale kumi isiyo na ncha, kila mmoja na jina lake. Saba ilikuwa na mafungu: wa kwanza fungu moja, wa pili mafungu mawili, mpaka wa saba ulioitwa al-mu'allaa, uliokuwa na mafungu saba. Mitatu iliyobaki haikuwa na fungu lolote. Watu walinunua ngamia kwa mkopo, wakamchinja na kumgawa vipande, kisha mishale ikatiwa katika mfuko na mtu mmoja akawa anaitoa kwa majina yao. Ambaye mshale wake ulitoka na mafungu alichukua nyama. Ambaye mshale wake ulitoka mtupu hakupata hata mfupa, na juu ya hapo yeye ndiye aliyelipa bei ya ngamia.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, ndugu msomaji. Aliyekosa ndiye aliyemlipia aliyepata. Hiyo ndiyo roho ya maysir.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Waarabu hawakuona kuwa wanatenda ubaya. Walicheza zaidi wakati wa baridi na shida, na washindi walijifakhari kwa kuwagawia masikini nyama ile. Ndiyo maana Suratul-Baqarah, aya ya 219, haikukanusha kuwa katika ulevi na kamari kuna manufaa fulani kwa watu, bali imebainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha Suratul-Maaidah, aya ya 90 na 91, ikaamrisha kujiepusha kabisa, na ikataja anachokitaka shaytwaan kwa kamari: kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na dhikri na swala. Kamari yenye sura mbaya haimdanganyi mtu mwenye akili. Inayodanganya ni ile iliyovaa nguo ya kitu chema, ikiwa ni ukarimu, au biashara, au mnada.

DOLA MOJA ILIYOUZWA KWA ZAIDI YA DOLA

Kutoka kwa ngamia yule tunaruka karne nyingi mpaka Marekani, mwaka 1971. Martin Shubik, mwanauchumi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale, aliandika makala fupi kuhusu mchezo wa kunadi noti ya dola moja. Sharti lilikuwa moja tu lililotofautiana na mnada wa kawaida: aliyetaja bei ya juu anapata dola, lakini aliyemfuatia naye pia analipa bei aliyotaja, na hapati kitu.

Watu wanaanza kwa kucheka, senti tano, senti kumi. Bei ikifika senti 90 kwa 95, mwenye 90 anaona kuwa akiacha atapoteza 90, basi anataja dola nzima ili angalau asipate hasara. Mwenye 95 naye anaona hivyo hivyo, anataja dola na senti tano. Hapo wote wawili wameshafikia au kuvuka thamani ya kitu chenyewe, na kila mmoja anaendelea kwa kuogopa kupoteza alichokwisha kutoa. Shubik aliuona mchezo huo kuwa mfano wa namna mataifa yanavyojiingiza katika vita wasivyoweza kutoka.

Zingatia kuwa katika mnada wa Shubik anayelipa bila kupata ni mtu mmoja tu, yule wa pili. Baadaye walikuja watu wakajiuliza: kwa nini awe mmoja? Kwa nini wasilipe wote?

UJERUMANI, MWAKA 2005

Mwaka 2005 ilianzishwa nchini Ujerumani kampuni iliyoendesha minada kwa jina la Telebid. Mwaka 2008 ikabadilisha jina ikaitwa Swoopo, na wakati huo ilikuwa imeshaingia Uingereza na Marekani pia. Hii ndiyo iliyoutangaza ulimwenguni mnada ambao tunauita mnada wa senti, na wengi waliofuata waliiga mfumo wake. Unakwenda hivi:

1. Kwanza unanunua haki ya kutaja bei. Huuziwi bidhaa, unauziwa mibofyo. Swoopo kule Marekani ilikuwa ikiuza mbofyo mmoja kwa senti 60 za dola.

2. Bidhaa inaanzia sifuri. Kila mtu akibofya, bei inapanda kidogo sana, senti moja au senti chache tu.

3. Kila mbofyo unaongeza sekunde kadhaa katika saa inayohesabu kurudi nyuma. Saa ikikaribia sifuri, mtu mwengine anabofya, na inaanza tena.

4. Saa ikifika sifuri, aliyebofya mwisho ananunua kwa bei iliyoonekana. Wengine wote mibofyo yao imekwenda.

Tuhesabu kwa shilingi zetu. Hizi ni hesabu za mfano, wanafunzi wachukue kalamu. Simu dukani ni shilingi 1,000,000. Mbofyo mmoja ni shilingi 1,000 na unapandisha bei kwa shilingi 20. Mnada ukaisha bei ikiwa 60,000. Kila mtu atasema: mashaallah, simu ya milioni kwa elfu sitini! Lakini ili bei ifike 60,000 kwa hatua ya shilingi 20, imebidi watu wabofye mara 3,000. Mara 3,000 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 3,000,000. Ongeza 60,000 za mshindi. Mwenye tovuti amepokea 3,060,000 kwa simu ya 1,000,000. Mshindi, tuseme alibofya mara 150, ametoa 210,000 kwa jumla. Na zile 2,850,000 nyingine zimetoka mifukoni mwa watu ambao hawakupata hata kava ya simu.

Ni nani basi aliyelipia simu? Ni waliokosa. Ni ngamia yule yule, ndugu zetu, ila mishale imegeuka kitufe cha kubofya, na mwenye mfuko wa mishale hakai tena na watu kula nyama, bali anaondoka na sehemu kubwa ya pesa.

Watetezi wa tovuti hizi walisema kuwa nyingi kati yao zinamruhusu aliyekosa anunue bidhaa kwa bei kamili, na mibofyo yake ihesabiwe ndani ya bei hiyo. Insafu inatutaka tulitaje hilo. Lakini bei kamili anaipanga mwenye tovuti mwenyewe, na aliyeingia ni mtu aliyekuwa na laki tatu, siyo milioni. Kumwambia aongeze laki saba ili aokoe tatu ni kumsukuma mbele zaidi.

MAJI UKIYAVULIA NGUO

Tulimuuliza kijana wetu: pesa zilipofika nusu, kwa nini hukuacha? Akasema: "Ustadh, nilikuwa nimeshaweka laki na sabini. Ningeachaje?"

Wazee wetu wamesema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali njema kwa aliyeanza kuhifadhi Qur-aan, au aliyeanza kujenga msikiti. Lakini mbele ya kitufe kile inageuka kuwa mtego. Pesa iliyokwisha kubofywa haimo tena katika maji wala ufukweni. Hairudi ukiendelea, na hairudi ukiacha. Swali pekee lenye maana ni hili moja linalofuata: mbofyo huu mmoja, una faida gani?

Mwanauchumi Ned Augenblick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza minada ya namna hii ipatayo 166,000, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2016. Aligundua kuwa faida ya waendeshaji kwa wastani ilizidi asilimia 50, na sababu aliyoitaja ni hiyo hiyo ya kijana wetu: kadiri mtu anavyokuwa ametoa zaidi, ndivyo anavyoshindwa zaidi kuondoka. Aliona pia kuwa wachezaji hujifunza kuliacha kosa hilo, lakini polepole. Kujifunza huko kunalipiwa, na kwa kijana wetu kulilipiwa na ada ya mdogo wake.

NAJSH YA KOMPYUTA

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza najsh, na hadithi yake imo katika Swahiyh mbili. Najsh ni mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili amdanganye mwengine. Katika soko la samaki najsh huonekana. Wachuuzi wanajuana kwa sura, na anayepandisha bei kila siku bila kununua atasutwa.

Katika intaneti humwoni unayeshindana naye. Unaona jina tu, nalo linaweza kuwa la mtu au la programu ya kompyuta. Mwaka 2010 mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, aliichukulia hatua tovuti moja ya minada ya senti iliyotumia wanunuzi bandia kupandisha bei. Na mwaka 2011 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, inayolinda wanunuzi, ilitoa onyo kwa umma kuhusu minada hii, ikiwakumbusha watu tofauti ile ile tuliyoianza nayo: katika mnada wa kawaida unalipa ukishinda, na katika huu unalipa kila unapotaja bei, ushinde usishinde. Mwaka huo huo wa 2011, mwezi Machi, Swoopo yenyewe ilifilisika. Tovuti nyingine ziliendelea na kazi ile ile kwa majina mengine.

KUTOKA KAMARI MPAKA UTAPELI

Tunafika sasa katika kisa kikubwa kuliko vyote. Katika mji mdogo wa Lexington, North Carolina, Marekani, mtu aitwaye Paul Burks alianzisha mwaka 2010 tovuti ya minada ya senti iitwayo Zeekler. Mwezi Januari 2011 akaongeza mpango ulioitwa ZeekRewards. Humo watu waliambiwa waweke pesa, watangaze minada ile kila siku, walete wenzao, na watapewa fungu la faida ya kila siku, iliyokuwa ikifika asilimia 1.5 kwa siku.

Agosti 2012 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji iliufunga mpango huo. Watu wapatao milioni moja walikuwa wameingia, na zaidi ya dola milioni 600 zilikuwa zimekusanywa. Mamlaka hiyo ilieleza kuwa takriban asilimia 98 ya mapato yalitoka kwa walioingia wapya. Yaani mnada ulikuwa kama duka la mbele tu, na nyuma yake pesa ya aliyeingia leo ilikuwa ikimlipa aliyeingia jana. Burks alipatikana na hatia mwaka 2016, na Februari 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka 14 na miezi 8.

Hatusemi hivi kwa kuwacheka Wamarekani. Mpango wa namna hiyo haukuhitaji intaneti ili ufike Afrika Mashariki. Tanzania walikuwa na DECI, iliyokusanya pesa za watu kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, mpaka serikali ikausimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani viongozi wake. Hapa kwetu Uganda, Disemba 2019, watu waliokuwa wameweka pesa katika Dunamiscoins, walioahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi, walikuta ofisi zimefungwa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

KWA NINI LINATUHUSU HAPA KAMPALA

Mzazi anaweza kusema: haya ni mambo ya Wazungu na kadi zao, mimi nauza matooke Nateete. Tunamwomba atazame mambo mawili ya historia ya karibuni.

La kwanza, tangu Machi 2009 MTN ilipoanza huduma ya pesa kwa simu hapa Uganda, pesa ndogo ndogo zinaweza kutoka mfukoni bila kuonekana. Ni neema kubwa, tunaishukuru. Mama anamtumia mwanawe nauli akiwa Masaka, na bodaboda analipwa bila kutafuta chenji. Lakini mnada wa senti na ndugu zake wanaishi kwa hicho hicho: malipo madogo, mengi, ya haraka, yasiyoumiza moja moja. Laki tatu ukizitoa noti kwa noti mkononi utasita. Zikitoka elfu elfu kwa kidole, hutajua mpaka ziishe.

La pili, kamari ya mechi za mpira imeshaingia mitaani mwetu, na vijana wameshazoea neno dau. Serikali yenyewe iliona hatari hiyo. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 iliweka umri wa kuruhusiwa kucheza kuwa miaka 25, na Januari 2019 Rais aliagiza leseni mpya zisitolewe kwa kampuni za kamari za michezo. Kwetu sisi umri wa haramu hauna kikomo, lakini ikiwa hata sheria ya nchi inamwona wa miaka 24 kuwa bado ni wa kulindwa, basi wa miaka 17 mwenye simu mkononi analindwa na nani kama siyo nyumba yake?

Na katika Kiswahili chetu neno hilo dau lina kazi mbili. Ni bei anayoitaja mnunuzi katika mnada, na ni pesa anayoiweka mcheza kamari. Tovuti hizi zinajificha katikati ya maana hizo mbili. Zinakuita kwa maana ya kwanza, na zinachukua pesa yako kwa maana ya pili.

MIZANI YA KUPIMIA

Wanazuoni wa zama zetu wametuachia mizani iliyo wazi. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei, lilipitisha azimio kuhusu mkataba wa mnada. Likasema mnada unajuzu. Likasema pia inajuzu kumdai anayetaka kushiriki aweke dhamana, lakini ni lazima dhamana hiyo irudishwe kwa kila ambaye hakupata, na kwa aliyepata ihesabiwe ndani ya bei. Na likakataza najsh kwa sura zake.

Basi, ndugu mzazi, na wewe kijana, kabla ya kuuliza "mnada ni halali?", uliza maswali haya manne:

1. Nikikosa, pesa yangu inarudi yote? Kama hairudi, huo siyo mnada.

2. Ninacholipia ni bidhaa, au ni nafasi ya kupata bidhaa?

3. Faida ya mwenye kuuza inatoka kwa aliyenunua, au kwa waliokosa?

4. Ninaoshindana nao ninaweza kuwajua kuwa ni watu wa kweli?

Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyajibu. Na hayapimi mnada wa senti tu. Yapime katika bahati nasibu ya ujumbe wa simu, katika "tuma elfu moja ushinde pikipiki", na katika kila kitakachokuja kesho kwa jina ambalo leo halijazaliwa.

TUMALIZIE

Kijana wetu tulikaa naye mpaka usiku. Tulimwambia kuwa deni la mama yake ni lake, na kosa la jibu la haraka ni letu. Tukakubaliana kwamba amwambie mama yake ukweli yeye mwenyewe, na sisi tukaenda naye. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ungeniuliza mimi, mwanangu. Mimi nimeuza sokoni miaka ishirini. Sijawahi kumlipisha mtu kwa kuuliza bei."

Tumesoma vitabu, na tumetaja hapa Yale na Berkeley, lakini hatujasikia hukumu iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo.

Ada ya mdogo wake ililipwa kwa kuchangiana, na kijana anairudisha kidogo kidogo. Amepata kazi ya kubeba mizigo kwa fundi wa mbao Ndeeba. Tulimkumbusha yule Answaar: dirhamu yake ya pili ilinunua shoka, na kwa shoka akarudi na kumi ndani ya siku kumi na tano, jasho likiwa lake na hakuna mtu aliyekosa ili yeye apate. Hiyo ndiyo njia ya rizki tuliyoachiwa.

Tunawaomba wazazi wawasomee watoto makala haya nyumbani, na wayafanye maswali yale manne kuwa mazungumzo ya mezani. Na nyinyi wanafunzi, mkituuliza swali tukawajibu kwa haraka, tushikeni kanzu mtuambie: "Ustadh, bado hujauliza ni mnada gani."

Tunamwomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) atutosheleze kwa halali Yake na haramu Yake atuepushe nayo, awarudishie kheri waliopoteza, na atusamehe tulipokosea. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.

Wassalaamu 'alaykum wa rahmatullaahi wa barakaatuh.